Likizo ya Aulis

Kuhmo, Desemba. Saa tisa mchana na giza limeshaketi
kama mwenye nyumba.
Nashuka ngazi kumi na nne za ghala la chini,
bisibisi mfukoni, fomu mkononi,
nikamzime mzee.

Mzee ni seva yetu: sanduku la chuma, rangi ya majivu,
feni nne, moja mbovu
inayokohoa kama mtu aliyetaka kusema jambo
akaghairi.
Miaka kumi na sita amebeba barua za kiwanda hiki cha mbao:
oda za misonobari, ankara, ugomvi wa zamu,
mzaha juu ya meneja uliomfikia meneja,
picha ya mwana wa Sirkka
akiwa na dakika arubaini duniani.

Sasa barua zimehamia winguni.
Ndivyo walivyotuambia, na mchoro wa wingu jeupe la kitoto.
Niliuliza: wingu la nani?
Wakacheka. Lakini kodi tunalipa kila mwezi, kwa kila kichwa,
na mawingu niliyoyazoea mimi
humwaga theluji yao yakaenda zao,
hayamdai mtu.

Visanduku mia mbili na kumi na viwili vimehama.
Nimehesabu mara tatu.
Mzee ana mia mbili na kumi na vitatu.

Kilichosalia ni cha Aulis Pekkarinen, fundi wa misumeno.
Alikwenda likizo Julai, mwaka ule wa mbu,
moyo ukasimama mlangoni pa sauna,
taulo begani.
Hakuna aliyekumbuka kumfungia kisanduku.
Ukimwandikia, hujibu. Mwaka wa tisa huu anajibu,
papo hapo, wala hachoki:

*Nipo likizoni hadi tarehe nne Agosti.
Jambo la haraka, muulize Sirkka.
Lisilo la haraka, lingoje tu.*

Wauza grisi wamejibiwa.
Matapeli wenye urithi wa mamilioni wamejibiwa,
kwa adabu ileile.
Na kumbukumbu zinaonyesha (sikupekua, niliona tu)
kila Desemba, usiku wa manane,
barua isiyo na kichwa wala neno,
kutoka chumba cha pili juu ya dari hii.
Nayo ikajibiwa.

Nilimuuliza meneja: na huyu je?
Akasema, Aulis yupi?

Basi nikapanda ngazi kumi na nne nikamwita Sirkka.
Hakuuliza anaitiwa nini.
Alishuka, akavua glavu zenye theluji,
akazitandaza juu ya mgongo wa mzee zikauke,
na mkono wake ulipajua mahali pale.
Kumbe ndivyo. Majira yote haya ya baridi
mimi nikidhani chumba hiki ni changu.

Nikampisha kiti.
Aliandika kwa muda, akafuta, akaandika,
akafuta tena, akatuma tupu.
Skrini ikapepesa.
*Lisilo la haraka, lingoje tu.*
Alisoma kama anayesoma ratiba ya basi
lililokwisha kuondoka.

"Kitufe kipi?" akauliza.
Nikamwonyesha. Ukikishika, hesabu hadi tano.
Alihesabu kwa sauti. Kwenye nne alisita.

Feni ya kwanza ikanyamaza, ya pili, ya tatu,
ile mbovu ikakohoa,
na safari hii nilidhani itasema.

Kimya kikubwa kuliko chumba.
Nikasikia, kwa mara ya kwanza, maji
yakitembea ndani ya bomba la ukutani,
na juu, mbali, msumeno.

Sirkka alikwishapanda.
Nilitoa diski, nikazitoboa matundu matatu matatu
kama ilivyoagizwa, nikakunja nyaya.
Fomu inauliza: vifaa vilivyobaki chumbani?
Chuma kilikuwa kinapoa chini ya kiganja changu.
Nikajaza: glavu, jozi moja.
Hazijakauka.